Nani anaamua baridi ya chumba chako?

Januari na Februari, kaskazi ikivuma na joto la mchana Dar es Salaam likipita nyuzi 31, kuna jambo hurudiwa kila jioni katika nyumba zenye kiyoyozi. Mtu anaingia ndani jasho likimtiririka, anachukua rimoti, anabonyeza mpaka isome 16. Anaamini chumba kitapoa upesi kuliko angeweka 25. Hakitapoa upesi zaidi. Kiyoyozi cha kawaida, kile kisicho cha inveta, kina kompresa yenye hali mbili tu, ama imewaka ama imezimwa, na ikiwaka nguvu yake ni ileile. Tofauti huja baadaye. Ukiweka 25, chumba kikifika hapo kompresa inapumzika. Ukiweka 16, chini ya paa la bati na madirisha yanayopitisha hewa, nyuzi hizo hazifikiwi usiku kucha, na kompresa haipumziki.

Hesabu yake si ngumu. Kiyoyozi cha BTU 12,000, ukubwa unaofungwa katika vyumba vingi vya kulala, hula karibu kilowati moja kompresa ikizunguka. Saa nane za usingizi bila kupumzika ni uniti nane. Shilingi 10,000 za LUKU, umeme wa kulipia kabla wa Tanzania, kwa mteja aliye nje ya kundi la wanaotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi, hununua takribani uniti 28. Zinakwisha kabla ya usiku wa nne kupambazuka. Pangaboi, kwa saa hizohizo nane, halifiki hata uniti moja.

Ninaandika haya kwa sababu jambo hili lina tiba ambayo wengi hatuifahamu, nayo iko ndani ya uwezo wetu. Katika mashine yoyote ya kupoza au kupasha joto, fedha zimekaa kwenye kompresa, koili za shaba, gesi na mota ya feni. Sehemu inayoamua lini vyote hivyo vifanye kazi ndiyo rahisi kuliko zote. Siku hizi uamuzi huo unaweza kukabidhiwa chipu inayouzwa kwa dola chache za Marekani, na masharti yake akayaandika mwenye nyumba mwenyewe.

Chipu hiyo ni maikrokontrola: kompyuta nzima ndani ya kipande kimoja, yenye kichakato, kumbukumbu na miguu ya kuunganishia vihisi na swichi. Haina skrini wala kibodi. Inarudia programu moja mpaka umeme ukatike, na umeme ukirudi inaanza upya. Tunaishi nazo bila kuziona, ndani ya rimoti, mashine ya kufulia, maikrowevu na hata mita ya umeme. Texas Instruments ya Marekani iliingiza sokoni TMS 1000 mwaka 1974, ikiwa na nafasi ya kilobaiti moja tu ya programu, na kwa miaka mingi baada ya hapo kuziandikia programu kulibaki kazi ya wahandisi wenye vifaa ghali.

Mambo yalibadilika Ivrea, mji mdogo wa kaskazini mwa Italia. Massimo Banzi na wenzake walifundisha usanifu huko, na walitaka ubao ambao mwanafunzi asiye mhandisi angeumudu kwa bei na kwa akili. Wakajenga juu ya mradi wa Hernando Barragán, mwanafunzi kutoka Kolombia, na mwaka 2005 wakatoa Arduino, jina walilolichukua kwenye baa walimozoea kukutana. Michoro yake waliiacha wazi kwa kila mtu, na viwanda vya China vikaanza kuutengeneza kwa bei ya chini. Mwaka 2014 kampuni ya Espressif ya Shanghai ikaleta ESP8266, chipu yenye waifai ndani yake. Miaka miwili baadaye ikaja ndugu yake mkubwa, ESP32. Ubao wa ESP8266 uliowashwa mwezi mzima, usiku na mchana, hautumii hata uniti moja ya umeme.

Msomaji makini atauliza: kiyoyozi kina kidhibiti joto chake tangu kiwandani, cha pili cha nini? Kihisi cha kiyoyozi kimekaa ndani ya mashine yenyewe, huko juu karibu na dari, pale inapovuta hewa. Kinapima hewa ya darini wakati wewe umelala karibu mita mbili chini yake. Katika mashine nyingi zilizofungwa majumbani mwetu, hakuna kinachoiambia kwamba dirisha limeachwa wazi au chumba hakina mtu. Hakuna kinachoiambia kwamba saa kumi alfajiri, msimu wa kusi, hewa ya nje imekuwa baridi kuliko ya ndani na feni peke yake ingetosha.

Na kuna unyevu, ambao kwa watu wa pwani ni nusu ya shida yote. Mwili hujipoza kwa jasho kukauka. Hewa ikishiba maji, jasho halikauki, na nyuzi 27 za Tanga au Mombasa zinachosha kuliko nyuzi 30 za Dodoma. Usiku wa masika chumba kinaweza kuwa na nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 90: kiyoyozi kinaona joto liko sawa, kinanyamaza, na waliolala wanageuka-geuka kwenye shuka zilizolowa. Si hivyo tu. Kompresa ikizimwa na feni ya ndani ikaendelea, maji yaliyotanda juu ya koili kama umande huanza kurudi chumbani, kwa hiyo mashine inayowaka na kuzima kila dakika chache hukausha hewa vibaya. Karibu kila rimoti ina hali ya kukausha, ile yenye alama ya tone la maji, ila wengi hawaigusi. Kihisi kama DHT22 hupima joto kwa usahihi wa nusu nyuzi hivi na unyevu pamoja. Programu ya mistari michache inaweza kusema: joto likiwa chini ya 27 lakini unyevu umepita asilimia 75, badili uende hali ya kukausha, vyote viwili vikishuka, zima, acha pangaboi.

Swali linalofuata ni jinsi ya kukiamuru kiyoyozi, na hapa ndipo ninapoupenda ufundi huu kuliko mahali pengine. Hukati waya hata mmoja. Rimoti ya kiyoyozi huzungumza kwa mwanga usioonekana, infraredi, unaowaka na kuzima takribani mara 38,000 kwa sekunde, na maneno yake ni mpangilio wa mapigo marefu na mafupi juu ya mawimbi hayo. Kipokezi kidogo chenye miguu mitatu, cha aina inayokaa ndani ya kila televisheni, kinaisikiliza rimoti na kuipa chipu mapigo hayo iyahifadhi. Balbu ndogo ya LED ya infraredi, ikisukumwa na transista moja, inayarudia. Kwa chapa nyingi hata kurekodi hakuhitajiki, kwa sababu wapenzi wa kazi hii duniani wamekwisha kufumbua lugha zake na kuziweka katika maktaba ya bure iitwayo IRremoteESP8266.

Rimoti ya kiyoyozi haifanani na ya televisheni. Ya televisheni hutuma kitufe kimoja: ongeza sauti. Ya kiyoyozi, kila unapobonyeza, hutuma hali nzima, yaani joto, kasi ya feni, hali ya kupoza au kukausha, na mwisho namba ya kuhakikisha ujumbe haujaharibika njiani. Hii ni heri kwa mtengenezaji, maana agizo moja linatosha kuiweka mashine sawa. Lakini mazungumzo ni ya upande mmoja. Kiyoyozi hakijibu. Mtoto akichukua rimoti akaizima mashine, chipu itaendelea kuamini inapoza. Dawa yake ni kihisi kidogo cha joto, DS18B20, kilichofungwa pale hewa inapotokea. Hewa ya pale ikiwa baridi kuliko ya chumbani kwa nyuzi nyingi, kompresa inafanya kazi. Ikilingana nayo, hapana.

Masharti ya kuwasha na kuzima yanataka uvumilivu. Ukiiambia chipu iwashe juu ya 26 na izime chini ya 26, mashine itahangaika pale kwenye mpaka. Lazima pawe na nafasi: washa kwenye 27, zima kwenye 25 na nusu. Kompresa nayo ikizimwa ipewe dakika tatu hadi tano kabla ya kuwashwa tena. Gesi upande mmoja wa mfumo ina mgandamizo mkubwa na upande mwingine mdogo, na inahitaji muda kusawazika. Mota inayolazimishwa kuanza kabla ya hapo huvuta umeme mwingi, hupata moto, na mwisho wake ni kuungua. Kifaa cha kulinda friji kinachochomekwa ukutani katika nyumba zetu kinafanya jambo hilohilo umeme unaporudi, na ndiyo maana friji hukaa kimya dakika kadhaa taa zikiwa zimeshawaka. Programu ya kiyoyozi iandikwe kwa adabu hiyohiyo: kila inapoanza upya, kila kitu kiwe kimezimwa, ingoje kwanza.

Mahali pa kuweka kihisi pana uzito kuliko bei yake. Kikiwa ndani ya boksi moja na ubao wa ESP kitasoma joto la chipu, nalo hupotosha kwa nyuzi kadhaa. Ukuta unaopigwa na jua la jioni haufai, wala karibu na friji au televisheni. Kiweke kwenye kimo cha kitanda, ukuta wa ndani, mbali na upepo wa kiyoyozi. Kwa walio karibu na bahari, Unguja, Kigamboni, Nyali, hewa ya chumvi hula shaba. Ubao upakwe vanishi, lakini kihisi kiachwe wazi kipumue.

Upande wa kupasha joto, historia inatupeleka kwenye mayai. Mwanzoni mwa karne ya 17, Cornelis Drebbel, Mholanzi aliyefanya kazi Uingereza, alitengeneza tanuri la kutotolesha vifaranga lililojirekebisha lenyewe: spiriti ndani ya chombo cha kioo ilitanuka kwa joto, ikasukuma zebaki, na zebaki ikapunguza hewa iliyokuwa ikiuchochea moto. Hicho ni kati ya vidhibiti joto vya mwanzo kabisa vinavyojulikana. Warren Johnson, profesa wa Whitewater, Wisconsin, alipata hataza ya kidhibiti cha umeme mwaka 1883, wakati ambapo mhudumu wa shule alilazimika kupita darasani kuuliza joto na kushuka tena kwenye tanuri la chini.

Leo, nyuma ya nyumba kuanzia Mbezi hadi Kiambu, kazi ya Drebbel inaendelea. Mashine nyingi za kutotolesha zinazotengenezwa na mafundi wa mitaani zimefungwa kidhibiti chenye namba nyekundu kinachouzwa kwa jina la W1209, ambacho moyo wake ni maikrokontrola ya STM8. Kinashikilia nyuzi 37.5 kwa siku 21. Vifaranga wakishatoka wanahitaji nyuzi 32 hadi 35 juma la kwanza, halafu takribani tatu pungufu kila juma. Ukikabidhi ratiba hiyo kwa ESP, itashusha yenyewe juma kwa juma. Mfugaji anayekumbuka kuinua taa kwa mkono anajua ni vifaranga wangapi hufa kwa sababu ya usiku mmoja wa kusahau.

Hapa nataka kusema jambo ambalo linaweza kuokoa mali, na hata roho. Kihisi cha DS18B20 kikiwashwa, kabla hakijapima, husoma 85. Waya wake ukikatika, maktaba inayotumiwa na wengi hurudisha namba hasi 127. Sasa fikiria programu ya hita ya maji iliyoandikwa kwa sharti moja tu: maji yakiwa chini ya nyuzi 55, washa. Panya akitafuna waya, chipu inaona maji yamefika hasi 127. Itawasha hita, na haitaizima tena. Programu yoyote ya kupasha joto lazima ikatae namba zisizowezekana, izime kihisi kikipotea, na iweke kikomo cha muda ambao hita inaweza kuwaka mfululizo. Juu ya yote, kidhibiti na swichi ya usalama vilivyokuja na hita kutoka kiwandani visirukwe kamwe. Chipu isimame mbele yao kama mwamuzi wa ziada, na wao wabaki wa mwisho.

Kuna pia suala la rilei, swichi inayoamriwa na chipu. Zile za bluu zinazouzwa kwa bei ndogo pamoja na ubao zimeandikwa ampia 10. Hita ya kilowati tatu kwenye umeme wa volti 230 huvuta ampia 13, na shawa ya umeme inayopasha maji papo hapo hupita 20. Rilei hiyo itapata moto, midomo yake itaungana, na chipu ikisema zima hakuna kitakachozimika. Kwa mzigo wa namna hiyo rilei ndogo iwashe kontakta, swichi kubwa zaidi ya aina hiyo, na kontakta ndiyo ibebe hita. Kazi yoyote inayogusa umeme wa ukutani, tena karibu na maji ya bafuni, ifanywe na fundi mwenye leseni, ya EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya. Kijana aliyejifunza kwa video za simu anaweza kuandika programu nzuri sana na bado asijue waya wa ardhi unakwenda wapi. Ndiyo maana kwa kiyoyozi napendekeza infraredi bila kusita, na kwa cha inveta hata zaidi, kwa sababu mashine hizo zinajipunguzia nguvu zenyewe na kuzikatia umeme kwa rilei ni kuziharibu.

Kuna anayesema: kwa nini tujisumbue, vidhibiti mahiri si vinauzwa tayari? Vinauzwa, na baadhi ni vizuri. Nest, kilichobuniwa na Tony Fadell na Matt Rogers, kilitoka Marekani mwaka 2011 kikisifiwa kwa kujifunza tabia za wakazi, na mwaka 2014 Google ikainunua kampuni yake kwa dola bilioni 3.2. Mwaka 2025 Google ikatangaza kwamba vya kizazi cha kwanza na cha pili vingeachwa kuhudumiwa kuanzia Oktoba mwaka huo. Vingeendelea kuamuru joto pale ukutani, lakini mwenye nyumba asingeweza tena kuvifikia kwa simu. Kifaa kilikuwa chake. Nusu ya kazi zake ilikuwa kwenye seva ya mtu mwingine.

Kwetu jambo hili lina makali zaidi, kwa kuwa bando huisha na mtandao hukatika. Naamini kabisa kwamba uamuzi wa kuwasha na kuzima lazima ukae ndani ya chipu iliyo chumbani, na intaneti ibaki ya kutazamia tu. Programu za bure kama ESPHome, na Home Assistant iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013, zimejengwa kwa fikra hiyo. Home Assistant inakaa kwenye kompyuta ndogo nyumbani, hata laptopu ya zamani, na kila kitu kinaendelea waifai ya ndani ikiwepo, intaneti iwepo isiwepo. Modemu ikifa kabisa, ubao wa ESP ulioandikiwa vizuri utaendelea na masharti yake.

Anayetaka kuanza asianze kwa kuamuru chochote. Achukue ubao na kihisi, apime joto na unyevu wa chumba chake kwa juma zima, atazame mchoro. Mara nyingi mchoro huonyesha kwamba joto la ndani hufikia kilele jioni, jua likiwa limeshaanza kushuka, kwa kuwa tofali za saruji zimekunywa joto mchana kutwa na sasa zinalirudisha. Nyumba yenye bati tupu bila dari huonyesha mstari unaopanda tangu asubuhi. Katika nyumba kama hizo silingbodi na pazia zito vitafanya kazi kubwa kuliko programu yoyote, na ni vizuri kulijua hilo kabla ya kununua rilei.

Ninachokitamani zaidi ni kuona ujuzi huu mikononi mwa fundi friji. Vyuo vyetu vya ufundi, VETA ikiwamo, hufundisha majokofu na viyoyozi upande mmoja na elektroniki upande mwingine. Anayejua gesi haijui chipu, anayejua chipu haijui gesi. Fundi mwenye vyote viwili angekuja kusafisha chujio na koili, na kabla ya kuondoka angefunga vihisi viwili vya DS18B20, kimoja pale hewa inapoingia kwenye mashine na kingine inapotokea. Kiyoyozi chenye afya huishusha hewa kwa nyuzi 8 hadi 12 hivi kati ya sehemu hizo mbili. Tofauti ikianza kupungua, wiki baada ya wiki, chujio limeziba au gesi inavuja. Ubao wa dola chache ungemtumia mwenye nyumba ujumbe, naye angempigia fundi simu mapema, kompresa ikiwa bado nzima.